Hivi mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa kwa nini 1977 mpaka 1983?

Mjukuu wa Holili:
Wakuu habari za jioni, niko Moshi. Bibi yangu ni wa Holili na dada yake aliolewa Taveta, hapo ng'ambo tu. Juzi nimemkuta anafuta kopo kuukuu la mafuta ya kupikia ya Kimbo kutoka Kenya anamowekea mbegu za maharage, nikamuuliza la lini, akasema alipitishiwa usiku njia za panya enzi mpaka umefungwa, na dada mtu alipofariki yeye hakuzika. Akanyamaza. Shuleni tuliambiwa tu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Ilikuwaje hasa?

Mzee wa Soweto:
Pole kwa bibi mjukuu wangu. Shida ilianza 1971 Amin alipopindua Uganda, Mwalimu Nyerere akakataa kukaa naye meza moja, na kikao cha marais watatu wa Jumuiya ndo kilikuwa cha mwisho kwa maamuzi, kwahiyo hakikukaa tena. Huku reli, bandari, posta na ndege vyote ni vya shirika moja, kila nchi ikaanza kubana makusanyo yake. Mwanzoni mwa 1977 East African Airways, shirika la ndege la pamoja, ikafa, Februari Kenya wakaanzisha ndege zao, sisi tukafunga mpaka mwezi huohuo. Na utalii ulikuwepo humo, wageni walishukia Nairobi wanaletwa Serengeti na magari ya kule halafu wanarudi na hela yao, wakati uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, tumeshaujenga.

Binti Unga Ltd:
Kwenye utalii nawaelewa, ila miaka sita ni mingi jamani, walioumia ni watu wa Holili na Namanga sio wakubwa. Mbona Machi 1979 Waganda waliomkimbia Amin walikutana hapohapo Moshi wakamchagua Yusuf Lule, meza ilipatikana! Kilichochelewesha ni mgawanyo wa mali za Jumuiya, Mswisi Umbricht wa upande wa Benki ya Dunia alihangaika nao miaka, mwisho Kenya 42%, Tanzania 32, Uganda 26. Novemba 1983 Nyerere, Moi wa Kenya na Obote wa Uganda wakaafikiana hapa Arusha, mpaka ukafunguliwa.

Mjukuu wa Holili:
Asanteni sana, nimemsomea bibi yote. Kumbe ulipofunguliwa tu alivuka kwa miguu na hilohilo kopo limejaa maharage, akaonyeshwa kaburi, akalala kwa watoto wa dada yake wiki nzima.