Naomba ushauri: mapambo ya kujitengenezea kwa sherehe ya kuvunja kikundi

MamaTunu:
Wanajukwaa, salaam. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kinavunja mwaka, yaani tunagawana akiba zetu, Jumamosi ya wiki ijayo hapa Dodoma, na mimi ndiye niliyekabidhiwa mapambo. Sherehe itafanyika katika ua wa mwenzetu huko Ipagala, chini ya turubai la kukodi, na wageni hawatazidi 60. Nimeamua kutengeneza kila kitu kwa mikono yangu, kwa karatasi, mabaki ya vitambaa na vitu vya shambani, na gharama zisizidi shilingi 40,000. Nimeshaanza na maua ya karatasi za krepu. Hofu yangu ni upepo wa mji huu, ambao wenyeji mnaujua, pamoja na mvua ambazo zimekwisha kuanza. Naomba mwenye uzoefu anielekeze haraka, kwa maana usingizi sipati.

BibiWaMpunguzi:
Mwanangu, kabla ya kununua chochote, tafuta mkulima wa zabibu. Vijiti vilivyopogolewa baada ya mavuno ya Agosti na Septemba bado vimerundikwa kwenye mipaka ya mashamba, na wengi huvichoma. Vilivyokauka vilaze usiku kucha ndani ya beseni la maji hadi vikubali kupinda. Shika kijiti kimoja kinene, kikunje duara, kisha vizungushe vingine vinne au vitano juu yake huku ukichomeka kila ncha katikati ya vilivyotangulia. Ukifanya hivyo hutahitaji waya wala gundi. Funga masuke mawili matatu ya mtama mwekundu wa msimu uliopita, kama panya wamekubakishia, na utepe wa kitenge. Mashada ya namna hiyo ni mazito kiasi, kwa hiyo upepo hauyasumbui, na mvua ikiyagusa hayaharibiki.

FundiWaMajengo:
Karatasi achana nazo, dada. Pita kwa mafundi cherehani sokoni, omba mabaki ya vitenge, na wengi watakupa bure ili wapate nafasi ya kufagia. Kata pembetatu zenye upana wa kiganja, uzishone kwenye utepe mrefu, na hapo utakuwa na bendera ndogo za kuzungusha turubai zima. Kamba iwe ya katani na uikaze barabara kwenye nguzo, kwa sababu kamba iliyolegea ndiyo inayochanika. Mwaka juzi nilihudhuria harusi moja ya mpwa wangu ambapo mpambaji wa kulipwa alibandika majina ya maharusi kwa gundi ya karatasi kwenye kitambaa laini. Ilipofika saa kumi alasiri upepo ulikuja, na jina la bwana harusi likapaa kama tiara mpaka kwa jirani. Bibi harusi alicheka, lakini mama mkwe hajacheka hadi leo, na mimi ndiye ninayelaumiwa kwa kuwa ndiye niliyemleta mpambaji huyo.

MwalimuMstaafu:
Kuhusu krepu, nakushauri uwe mwangalifu sana. Rangi yake huyeyuka ikipata maji, hivyo tone moja tu kutoka kwenye tundu la turubai litaacha doa jekundu kwenye kitambaa cheupe cha meza. Wanafunzi wangu walikuwa wakitengeneza nyota na njiwa kwa unga uliochanganywa na chumvi: unga wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, na maji yasiyozidi kikombe 1, ukiyaongeza kidogo kidogo mpaka donge liache kunata mikononi. Sukuma, kata kwa kikombe au kisu, toboa tundu la uzi kabla halijakauka, kisha anika. Jambo la kuzingatia ni kwamba chumvi huvuta unyevu, na kwa hali ya hewa ya Desemba nyota hizo zinaweza kulegea tena usipozipaka vanishi. Sasa naomba nami niulize. Kikundi kinachoweza kukodi turubai, viti na chakula cha watu 60, kimetenga shilingi 40,000 tu kwa mapambo?

MamaTunu:
Shikamoo Bibi, na ahsante sana, vijiti nitavifuata. Mwalimu, fedha si suala kubwa kwa sasa. Ninachotaka kujua ni kama krepu naweza kuipaka kitu ili rangi isiyeyuke, kwa sababu maua niliyokwisha kutengeneza ni mengi.

KijanaWaNkuhungu:
Fedha huwa si suala kubwa pale tu zinapokuwapo. Mama, ulipewa kiasi gani?

FundiWaMajengo:
Na mimi nasubiri jibu hilo, ingawa bado nasisitiza vitenge.

MamaTunu:
Naona hamtaniacha. Nilipewa shilingi 350,000 za kumlipa mpambaji. Wiki hiyohiyo mvua ya kwanza ya kupandia ilinyesha, trekta lilikuwa shambani kwa jirani, na dereva akasema kesho yake anaondoka. Nililipia kulimiwa na nikanunua mbegu za alizeti. Mpambaji nimekwisha kumwambia asije. Siku ya kuvunja kikundi, gawio langu litazidi kiasi hicho, nami nitaweka fedha yote mezani mbele ya wanachama. Sijaiba. Mkulima yeyote wa Dodoma anafahamu kwamba mvua yetu ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka, na ukikosa kupanda hakuna msimu wa pili wa kukusitiri. Isitoshe, mpambaji angetuletea vitambaa vya kukodi ambavyo jioni anavifunga na kuondoka navyo, ilhali vitu nitakavyotengeneza kila mama ataondoka na chake.

MjaneWaKisasa:
Mdogo wangu, amana ni amana hata ikiwa ya shilingi mia. Usiku wa leo nenda kwa mwenyekiti ukamweleze mwenyewe, kabla hajaelezwa na mwingine. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliwahi kushika fedha za rambirambi za mtaa mzima na hakugusa hata nauli, ingawa siku hizo nyumbani tulikuwa tunalala na uji.

KijanaWaNkuhungu:
Mimi napendekeza sherehe isogezwe hadi Machi. Alizeti zitakuwa zimechanua, na mapambo yatajileta yenyewe.

MamaTunu:
Dada yangu, mwenyekiti nitamweleza siku hiyo nikiwa na fedha mkononi, kwa sababu nikimweleza leo nitakuwa na maneno matupu. Kijana, cheka tu. Nimekaa sakafuni tangu magharibi, nanyoosha ukingo wa kila petali kwa vidole gumba viwili hadi ujikunje kwa nje, nafunga shina kwa uzi mweusi, na vidole vyangu vimekuwa vyekundu hadi kwenye kucha. Mtu asiyejali kikundi hawezi kufanya kazi hii.

MhasibuWaMakole:
Nimesoma uzi huu kuanzia juu, na kwa maoni yangu hadithi hii imetungwa. Vikundi vya aina hii huweka fedha katika sanduku lenye kufuli tatu, funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti, na anayelitunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Utaratibu huo uliwekwa makusudi ili mtu mmoja asiweze kuzigusa fedha peke yake. Iweje mwanachama atoke na 350,000, azilimie shamba, na pasiwe na mtu wa kuuliza risiti? Huyu ama anatafuta huruma, ama ni mfanyabiashara wa mapambo ambaye kesho atatuletea picha na bei.

FundiWaMajengo:
Kwa kweli hata mimi nilishangaa anavyolijua ua la krepu kwa undani namna ile.

BibiWaMpunguzi:
Anayelijua ua ndiye amelitengeneza. Jamani, kuna watu hapa hawajawahi kushika hata mkasi.

MamaTunu:
Ndugu mhasibu, kufuli tatu zilifunguliwa kikaoni, fedha zikahesabiwa mbele ya wote, na katibu akaandika kwenye daftari kwamba nimepokea fedha za mapambo. Hakuna aliyevunja sanduku. Risiti huletwa baada ya kazi kufanyika, na kazi haijafanyika. Kufuli hulinda fedha zikiwa ndani. Zikishatoka kihalali, hakuna ufunguo unaozifuata. Sina bei ya kumtangazia mtu yeyote.

MwalimuMstaafu:
Maelezo hayo yananiingia akilini. Basi nijibu ulichouliza: hakuna cha kupaka krepu kitakachonifanya nikuhakikishie kwamba rangi haitatoka. Maua hayo yaweke katikati ya meza zilizo mbali na kingo za turubai, kila moja ndani ya chupa au bilauri, yasigusane na kitambaa. Kingoni weka mashada ya Bibi na bendera za fundi. Chupa tupu za soda za plastiki nazo usizitupe, kwa kuwa kitako chake kina mabonde matano, na ukikikata na kukipaka rangi ya mafuta unapata ua lisiloogopa maji. Mishumaa usiweke kabisa mahali penye krepu na turubai. Tumia taa ndogo za betri.

MwekaHazina_2:
Nilikuwa napita tu. Kikundi chetu pia kinavunja Jumamosi hiyo, uani kwa mwenzetu wa Ipagala, na mapambo yako chini ya mama mmoja ambaye tangu wiki iliyopita hapokei simu zangu. MamaTunu, rangi za sherehe yenu ni zipi?

MamaTunu:
Dodoma ina vikundi vingi, na Ipagala ina nyua nyingi. Mwalimu, je, bendera za kitenge zinaweza kushonwa kwa mkono, au ni lazima cherehani?

MwekaHazina_2:
Sijauliza habari za cherehani. Nimeuliza rangi.

FundiWaMajengo:
Kwa mkono inawezekana, ila utachelewa. Lete mabaki yako kesho asubuhi, nitakupigia mshono mmoja ulionyooka bila malipo.

KijanaWaNkuhungu:
Fundi, muulize ni uzi wa rangi gani, mweka hazina apate jibu lake.

MwekaHazina_2:
Zetu ni zambarau na nyeupe.

MamaTunu:
Krepu yangu ni nyekundu.

MwekaHazina_2:
Najua. Na mimi nilikuwepo kikaoni tulipokubaliana zambarau. Mama, kesho nitakuwa kwa fundi kabla yako, na nitakuja na kitambaa cha zambarau pamoja na daftari.