Mizani ya kanisa letu: ipelekwe shambani kupinga lumbesa, au ibaki stoo?

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Naleta jambo lililougawa usharika wetu, na yeyote anayelima viazi mviringo hapa Mbeya linamhusu, awe Mmethodisti au asiwe.

Sisi ni kanisa dogo la Kimethodisti, njia ya Uyole kwenda Isyonje. Kina mama walichanga kidogo kidogo mpaka wakanunua mizani ya kuning'iniza. Nia yao ilikuwa moja: mwenzetu akivuna, mizani iende shambani, viazi vipimwe kwa kilo kabla gunia halijashonwa, ili kuzuia lumbesa, yaani kujaza gunia kupita mdomo wake. Ilifanya kazi siku mbili. Siku ya tatu mnunuzi aliiona imening'inia mtini, akageuza fuso, lori lake la mizigo, akaenda kununua kijiji cha pili. Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa wakaamua irudi stoo "mpaka busara ipatikane". Iko huko hadi leo, nyuma ya masufuria ya sherehe.

Sasa nauliza: kusimama shambani na mizani ni kazi ya kanisa, au tumevamia kazi isiyo yetu? Mimi nasema ni kazi yetu kabisa, na nina sababu ya kusema hivyo.

Kwa asiyeijua lumbesa, nitamweleza, maana niliifanya kwa mikono yangu. Nilikuwa mjazaji misimu mitatu, nikilipwa kwa gunia. Gunia linasimamishwa, wawili wanashika mdomo. Unamimina debe, unalitikisa, unaligonga chini ili viazi vikae. Debe la sita gunia limejaa, na mtu mwenye haki angeshona hapo. Sisi ndipo kazi ilipokuwa inaanza. Unachagua viazi vikubwa, unavipanga kuzunguka mdomo kama fundi anayejenga ukuta wa kisima, kimoja juu ya kingine, huku katikati unamimina vidogo. Ukuta ukishapanda unafunika kwa neti, unashona kwa kamba ya katani na sindano ndefu, ukikaza kwa goti. Likisimama lina kichwa, kama mtu aliyevaa kilemba. Debe sita zimekuwa nane, pengine tisa, na mkulima analipwa gunia moja.

Kuna mama mjane wa kanisani kwetu tuliyemjazia magunia matano. Hakusema neno muda wote. Kila debe lilipomiminwa aliokota kiazi kidogo akakiweka kwenye kanga yake. Tulipomaliza akavimwaga mbele ya mnunuzi, akavihesabu kwa sauti: 41. Akasema, "Baba, hapa kuna karibu magunia saba." Mnunuzi akamjibu, "Mama, gunia ni gunia." Sindano ilikuwa mkononi mwangu. Jumapili tulikaa benchi moja, yeye, mimi na mnunuzi, tukaimba wimbo mmoja.

Ndiyo maana siwezi kusikia mtu akisema haya ni mambo ya dunia. Amosi aliwakemea watu waliokuwa wakiingoja sabato iishe ili wakauze kwa mizani ya udanganyifu. Mambo ya Walawi 19 inataja mizani ya haki katika sura ile ile inayotuamuru tumpende jirani kama nafsi zetu. Na John Wesley, mwanzilishi wetu, aliandika mwaka 1739 kwamba hakuna utakatifu ila utakatifu wa kijamii. Mwaka huo huo alitoka ndani ya makanisa akaenda kuhubiria wachimba makaa ya mawe uwanjani, Kingswood, karibu na Bristol. Mwaka 1774 alichapa kijitabu cha kupinga biashara ya watumwa, na Februari 1791, siku chache kabla ya kufa, akamwandikia mbunge Wilberforce asichoke kupigana nayo. Hatukuanza jana kujishughulisha na biashara ya watu.

Tena hatudai sheria mpya. Sheria ya Vipimo ipo, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wapo. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama pale mkulima anapokuwa peke yake na gari linaunguruma.

Kuna jambo moja linalosemwa chini chini kwenye vikao, nami nitalitaja wazi: bati nyingi za paa letu zilitolewa na wanunuzi wa viazi. Tunaogopa kuwaudhi. Basi tuseme hivyo, tusiseme "busara".

Naomba kuwasilisha. Karibuni, hasa mnaopinga.

Mnunuzi, Mwanjelwa:
Asante kwa kutukaribisha. Mimi nanunua viazi na ni Mkristo pia, kwa hiyo msinifanye Zakayo kabla hamjanisikiliza. Bei ninayompa mkulima imeshahesabu lumbesa. Ukitaka gunia la kilo 100 sawa, nitakupa, lakini bei inashuka. Halafu tazama mnyororo wote: fuso linalipwa kwa gunia, kupakia kwa gunia, kushusha kwa gunia. Nikifika Dar na magunia yasiyo na kichwa, wa sokoni anayaangalia mara moja tu, anakata bei, kwa sababu jirani yangu kaleta yenye kilemba. Nikiwa mwadilifu peke yangu, msimu mmoja tu nimefilisika. Anzieni Dar, wakatazwe kule kupokea, mtaona huku itakufa yenyewe.

Mhubiri wa zamani, Tukuyu:
Kijana, nimekusoma kwa makini, lakini naomba nikurekebishe. Maneno hayo ya 1739 Wesley aliyaandika kuwapinga waliodhani utakatifu hupatikana kwa kujitenga peke yao, kama watawa wa jangwani. Maana yake ni kwamba Mkristo hukua pamoja na wenzake. Hayakuwa maneno ya kupinga wafanyabiashara. Tusimvike mzee Wesley vazi letu. Hofu yangu ni hii: kanisa likishaingia sokoni, kesho litaingia kwenye kampeni, na keshokutwa mimbari itakuwa jukwaa. Hubirini toba. Mnunuzi akiokoka, mizani yake itanyooka.

Mama mkulima, Umalila:
Mnaongea vizuri nyote, ila hamjui usiku wa mtu mwenye viazi vilivyokwisha kuchimbwa. Mimi nilikataa lumbesa msimu mmoja. Magari matatu yakanipita. Viazi vikipigwa jua vinageuka kijani, na mvua ilikuwa inakuja. Mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa michango. Siku ya nne nikamwita dalali mwenyewe, nikamwambia jaza unavyotaka. Akajaza mpaka nikageuka nisione. Sasa huyo wa mizani, siku ile angekuwa wapi? Mizani haili wala hailipi ada.

Kuli, Mabibo, Dar (mzaliwa wa Isyonje):
Mimi napokea hayo magunia huku mwisho wa safari. Mnahesabu hasara ya mkulima, ongezeni na ya mabega. Gunia lenye kichwa linabebwa na shingo, wala hulitui vizuri, linakuangukia upande. Nina miaka 34 na siwezi kuinama kufunga kamba za viatu asubuhi. Nalipwa kwa gunia, liwe na kilo 100 au 150. Sina zaidi.

Mmoravian, Rungwe:
Sisi tuko huku tangu 1891, na Walutheri walifika upande wa Konde mwaka huo huo. Nyinyi ndugu zetu ni wachache, msikasirike nikisema hivyo. Mkisimama peke yenu mnunuzi anavuka kijiji, ndicho kilichowapata. Lakini hicho kijiji cha pili alichokwenda, makanisa yake ni yapi? Bila shaka kuna la kwetu, la Walutheri, la Wakatoliki, na ya Wapentekoste matatu manne. Mngekuja kwetu kwanza.

Mleta mada:
Nimewasoma wote, na usiku sikulala vizuri. Naanza na mzee wangu wa Tukuyu. Shikamoo mzee. Umenirekebisha kwa haki na nakubali: maneno ya 1739 yalihusu ushirika, nami niliyavuta kuliko yanavyovutika. Nayaacha. Lakini mzee, zipo Kanuni za Jumla za mwaka 1743, ambazo naamini uliziapa kabla yangu. Sharti la kwanza ni kutotenda madhara, na Wesley hakuliacha likielea hewani. Aliandika madhara yenyewe kwa majina: kununua au kuuza bidhaa isiyolipiwa ushuru, riba isiyo halali, maneno mengi katika kuuza na kununua, kumtendea mwingine usilopenda utendewe. Hayo yote yanafanyika sokoni, na hakuwaandikia wabunge. Aliwaandikia Wamethodisti, na asiyezishika aliambiwa hana nafasi kati yao.

Na ndipo uliponisaidia bila kujua. Nilikosea kuanza na mnunuzi wa nje. Mtu asiye wa kanisa letu anaweza kugeuza fuso na hatuna la kumwambia zaidi ya sheria ya nchi. Lakini waliokaa nasi benchi moja tuna la kuwaambia. Hatuhitaji kampeni wala jukwaa kwa hilo, tunahitaji madarasa yale ya Kimethodisti ya tangu 1742, vikundi vidogo vya watu kumi na mbili na kiongozi wao. Na kumbuka yalianzaje: Wamethodisti wa Bristol walikuwa wakikusanya peni moja kwa wiki kulipa deni la jengo lao, kiongozi akawa anapita nyumba kwa nyumba, na kwa kupita huko akagundua nani anaishi kinyume na alichokiri. Hesabu ya fedha ndiyo iliyofungua mlango wa toba. Unasema mnunuzi akiokoka mizani itanyooka. Mimi nilikuwa nimeokoka, mzee wangu, nilikuwa naimba kwaya, na nilishona magunia yale matano. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kaka wa Mwanjelwa, sikuiti Zakayo, ingawa Zakayo alirudisha mara nne. Ulichosema kuhusu kulipa kwa gunia ni kweli, na ndiyo mzizi. Gharama zote za njiani zikihesabiwa kwa gunia, kila mmoja atataka gunia liwe kubwa. Lakini neno lako kwamba bei imeshahesabu lumbesa silikubali. Imehesabiwa na nani? Yule mama wa viazi 41 hakujua kama lingekuwa la debe saba au tisa mpaka sindano ilipopita. Bei ya kitu kisichopimwa anaijua mjazaji peke yake. Kama kweli hesabu yako ni safi, mizani haikudhuru: nunua kwa kilo shambani, kwa bei unayoiona inakulipa, ujaze magunia ya kilo 100. Ndugu yetu wa Mabibo naye atapumua. Kaka wa Mabibo, pole sana. Nilipokuwa nakaza kamba kwa goti sikuwahi kuwaza kuna shingo ya mtu upande wa pili.

Mama wa Umalila, wewe ndiye uliyeninyima usingizi. Umesema mizani haili wala hailipi ada, na sina jibu la maneno. Mwaka 1746 Wesley alizunguka London akichangisha, akaanzisha mfuko wa kuwakopesha maskini, mkopo unaorudishwa ndani ya miezi mitatu. Nilikuwa nausoma kama habari ya kale. Sasa naona kwamba mkulima anayeweza kungoja siku nne bila kumwita dalali ndiye pekee anayeweza kukataa lumbesa. VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, ya kina mama wa kanisa letu ina fedha zinazolala wakati wa mavuno, kwa sababu mikopo mingi huchukuliwa wakati wa kupanda mbegu na mbolea. Tukitenga sehemu yake iwe ya kungojea soko, na turubai kadhaa za kufunikia viazi, mizani itakuwa na miguu. Tulipeleka chombo bila fedha ya kungojea, tukamwacha mkulima abebe ushujaa peke yake. Kosa hilo ni letu.

Ndugu wa Rungwe, nimekubali pia, wala sikukasirika. Wesley mwenyewe, meli ikipigwa na dhoruba mwaka 1736 akielekea Marekani, aliona Wamoravian wakiimba zaburi bila woga naye akitetemeka, akakiri wana kitu yeye hana. Tutakuja kwenu. Ningependa tuonane na wazee wenu kabla ya mavuno, tukubaliane siku moja ya mizani kwa vijiji vyote vya barabara hii, ili fuso likigeuza likute mizani na huko liendako.

Narudi kwa wazee wangu wa kanisa. Ninachokwenda kuomba ni vitu viwili tu: mnunuzi aliye mshirika wetu anunue kwa kilo kutoka kwa mshirika mwenzake, na mjazaji aliye mshirika wetu asishone kichwa. Bati za paa zitabaki juu, hatuzirudishi. Atakayeona hawezi, aje aseme kwenye darasa lake, tusikie ugumu wake kama tulivyomsikia kaka wa Mwanjelwa hapa.

Ufunguo wa stoo anao mzee wa fedha. Jumapili baada ya ibada nakwenda kumwomba. Nimemweleza yule mama wa viazi 41, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nakumbuka mnunuzi alimjibu nini. Nikamwambia nakumbuka. Amesema tutakwenda wote.