Wabelgiji wananipa hisa 51% bila kutoa pesa. Nisaini?

Fundi_Kampemba: Jambo ndugu zangu. Niko na atelie ya kutengeneza pampu hapa Lubumbashi. Kampuni ndogo ya Ubelgiji inataka tufungue SARL (kampuni ya hisa yenye dhima ndogo) pamoja, tutafute kazi za migodi upande wa Likasi na Kolwezi. Wataleta mashine na kufundisha vijana wangu. Mimi napewa hisa 51%. Lakini msimamizi atakuwa mtu wao, saini ya banki yake peke yake, na kuna barua ya pembeni: siku wakitaka, nitawauzia hisa zote kwa dola moja. Vijana wanaitamani sana kazi hii. Mniambie ukweli.

Yaya_Kolwezi: Mdogo wangu, barua hiyo usiisaini kabisa. Sheria ya 8 Februari 2017 imetengea kandarasi ndogo, yaani kazi ambazo kampuni kubwa inawapa wengine waifanyie, kampuni zenye mtaji wa Wakongo, na ARSP, mamlaka ya serikali ya kandarasi hizo, ndiyo inasimamia. Jina lako ndilo wanalohitaji. Barua inawarudishia kila kitu ambacho sheria imekupa, na mambo yakiharibika wewe ndiye utaitwa kujieleza, wao wako kwao.

Mama_Katuba: Yaya, si wote wako hivyo. Mimi nashona nguo za kazi na kampuni ndogo ya Afrika Kusini. Tulianza na oda moja kwa mkataba mfupi, bila kufungua kampuni yoyote, na wanalipa vizuri. Fundi, waombe muanze na kazi moja ya pampu.

Wakili_Lshi: Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu 2012. Katika SARL, wenye zaidi ya nusu ya hisa wanaweza kumwondoa msimamizi, kwa hiyo 51% ya kweli ni nguvu. Kubadilisha statuti, yaani katiba ya kampuni, ni kitu kingine, kunataka robo tatu ya mtaji. Basi saini mbili za banki ziandikwe humo tangu mwanzo, kwa sababu baadaye utahitaji kibali chao. Mashine zao ni sehemu ya mtaji, daini fakture (ankara za kununulia). Mashine iliyochoka isihesabiwe kama mpya. Na usiseme huleti kitu! Atelie na vyombo vyako vithaminiwe pia.

Fundi_Kampemba: Wakikataa, wakaenda kwa fundi mwingine?

Yaya_Kolwezi: Waache waende. Migodi inakujua.

Fundi_Kampemba: Asanteni sana. Leo nawaandikia: barua ifutwe, saini ziwe mbili, tuanze na kazi moja. Wakili, statuti wakizituma, utanisomea kabla ya kwenda kwa notere?

Wakili_Lshi: Zilete, pamoja na viambatisho vyote.