Naomba ushauri: nimechaguliwa kupiga selo mbele ya gwiji, sasa naogopa

Wa Ipagala:
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 26, niko Dodoma, najifunza selo (ile fidla kubwa inayopigwa umekaa) mwaka wa tatu sasa. Wiki ijayo kuna darasa la siku mbili Dar na mpiga selo mkubwa kutoka Ulaya. Unapiga mbele ya watu, yeye anakusimamisha na kukurekebisha hapo hapo. Nimechaguliwa, na tangu nipate ujumbe silali. Naomba kujua: nipande SGR au basi? Selo ina karibu sentimita 120, naogopa isiumie. Na je, niende kweli?

Kibuyu Kikavu:
Nilivyosoma "selo" nikajua uko mahabusu, nikaanza kukutafutia wa kukuwekea dhamana 😂 Panda SGR dada. Basi litakurusha na matuta kuanzia Gairo.

Mama Zabibu:
Nauli 31,000 kwenda, 31,000 kurudi, ulale wapi, ule nini? Mwanangu, nyumbani umeaga? Kijana wangu alikwenda Dar "siku mbili" kwa mambo ya muziki, huu mwaka wa tatu. Mizabibu Hombolo napogoa peke yangu.

Mjukuu wa Zeze:
Babu yangu alipiga zeze, na sisi Wagogo tumemtoa marehemu Hukwe Zawose, gwiji wa muziki wa asili, kwa hiyo upinde na uzi havinitishi. Binti, ili uchaguliwe ulituma rekodi ya nini?

Wa Ipagala:
Prelude, yaani kipande cha kufungulia, ya Suite ya kwanza ya selo ya mtunzi Bach. Ila tuongelee safari kwanza.

Mjukuu wa Zeze:
Safari umeshajibiwa. Ulipiga yote?

Wa Ipagala:
Sawa, nasema. Ina vipimo 42, yaani vile visehemu vidogo vya muziki kwenye nota. Mpaka kile cha 22, pale muziki unapotua, ni mimi. Kuanzia hapo ni mwalimu wangu, tukaunganisha. Yeye ndiye aliyependekeza, alisema nikifika kule nitakuwa nimeshaiweza. Bado sijaiweza. Lakini tiketi nimekata, nyumbani nimeaga, na nafasi kama hii Dodoma haiji mara mbili. Msinihukumu.

Mama Zabibu:
Huo ni uongo mwanangu, hata kama umepambwa na Bach. Kuna mtoto wa mtu amekosa nafasi kwa ajili ya nusu yako.

Mjukuu wa Zeze:
Pablo Casals, mpiga selo maarufu, alizikuta nota za hizo Suite za Bach dukani Barcelona mwaka 1890, ana miaka 13. Alizifanyia mazoezi miaka zaidi ya kumi ndipo akazipiga hadharani. Mwalimu wako alikuwa na haraka ya nini?

Jicho la Mwewe:
CHAI hii. Selo Dodoma? Kiangazi chetu kingeshaipasua zamani. Halafu mwezi uliopita akaunti hii hii ilikuwa kwenye uzi wa kuku wa kienyeji, ikasema ni baba wa watoto wawili, Singida.

Kibuyu Kikavu:
Kumbe! Lete sukari tunywe.

Wa Ipagala:
Akaunti ni ya kaka yangu, tunatumia simu moja. Na selo naitunza: ndani ya boksi naweka kisahani cha sabuni chenye matundu, humo sponji yenye unyevu. Septemba naloweka kila siku. Mwaka jana nilisahau wiki moja, ubao wa mbele ukaachia pembeni.

Fundi Mninga:
Nimefanya useremala miaka 19. Mbao nyembamba ikikauka, afadhali gundi iachie pembeni kuliko ubao wenyewe kupasuka. Mtu wa kutunga asingelijua hilo. Jicho la Mwewe, mwache.

Jicho la Mwewe:
Kuku je?

Mjukuu wa Zeze:
Achana na kuku. Binti, waandikie wenye darasa leo, usingoje Dar. Wakikubali uende, piga mpaka kipimo cha 22, weka upinde chini, useme umeishia hapo.

Wa Ipagala:
Na akiniambia niendelee?