Majimbo ya kura tatu: TANU ilikosea kuingia uchaguzi wa 1958?

Ndugu zangu, kila ukitajwa mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, ulioamua chama kiingie uchaguzi wa kura tatu, tunaambiwa ulikuwa "uamuzi wa busara" na mazungumzo yanaishia hapo. Naomba leo tusiishie hapo.

Tanganyika iligawanywa majimbo 10 makubwa. Kila jimbo lilitoa wajumbe watatu wa Baraza la Kutunga Sheria: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Waafrika walizidi milioni 8, Wazungu walikuwa kama 20,000, lakini viti sawa! Mpiga kura alilazimika kuchagua wote watatu, la sivyo kura yake inaharibika.

Zuberi Mtemvu alikataa, akajitoa TANU na kuanzisha chama chake, African National Congress (ANC) ya Tanganyika. Wanaomtetea husema kuingia kule kulikuwa kukubali ubaguzi. Hapo sikubaliani nao. Sharti lile la kura tatu ndilo lililoiangusha UTP (United Tanganyika Party), chama alichokipendelea Gavana Twining, kwa sababu Mwafrika alipata sauti ya kumchagua hata Mzungu. Wazungu Derek Bryceson na Lady Chesham, na Waasia Amir Jamal na Sophia Mustafa, waliingia barazani kwa kuungwa mkono na TANU. Uchaguzi ulikuwa wa awamu mbili: ya Septemba 1958 TANU na iliowaunga mkono walishinda. Ya Februari 1959, wengi walipita bila kupingwa. Agosti 1960 majimbo hayo hayakuwepo tena.

Kinachonikera ni jambo tusilolisema. Ili uandikishwe ulihitaji elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa unaotambuliwa. Wakulima wangapi walikuwa na hayo? Na wale kina mama wa Dar es Salaam waliopita mitaani na Bibi Titi Mohamed wakiingiza wanachama, ambao wengi wao hawakusoma wala hawakuajiriwa? Walikibeba chama, siku ya kura wakabaki nje. Kwangu hilo ni dhuluma kubwa kuliko viti vitatu, na ndilo linalostahili kufundishwa shuleni, si ushindi peke yake.

Naunga mkono Tabora, ila kwa uchungu. Wewe ungekuwa mjumbe pale, ungewaambia nini wanachama wako wasio na haki ya kupiga kura? Na anayemtetea Mtemvu atueleze: kususia kungetufikishaje kwenye uhuru wa 1961?