Nimepangiwa ushuhuda Jumapili, nilicho nacho ni beseni la unga tu

MamaBeseni, Uyole

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba ushauri, msinicheke.

Wanawake wa kanisani kwetu wamenipangia nitoe ushuhuda Jumapili ijayo. Shuhuda za kwetu mnazijua: mtu alikuwa hoi kitandani akainuka, mwingine kijana wake kapata ajira serikalini. Mimi ni muuza maandazi. Sijaponywa kitu, na deni la kikoba liko palepale.

Ila kuna jambo la mwezi wa sita halijanitoka. Kila usiku saa nne nakanda kilo nane, hamira vijiko vinne, nafunika, nalala. Saa tisa naamka kuchoma, saa kumi na moja na nusu niko stendi ya Nane Nane kuwahi abiria wa mabasi ya kwanza. Wa Mbeya wanaijua baridi ya mwezi wa sita. Siku hiyo nafunua beseni, unga uko vilevile nilivyouacha, umelala kama jiwe. Mtaji wote wa siku umo mle, na Ijumaa ni marejesho.

Sikuomba, niseme ukweli. Nililalamika. Nikamwambia Mungu nimechoka, kila siku mimi, kila siku mimi. Kisha kwa kukosa la kufanya nikalibeba beseni nikaliweka kitandani, pale nilipotoka kulala, bado pana joto, nikalifunika blanketi ubavuni mwa binti yangu. Akageuka akalikumbatia, wala hakuamka.

Nikarudi jikoni nikakaa kwenye kigoda, gizani, mikono mitupu. Sikumbuki mara ya mwisho nilikaa lini bila kitu cha kufanya. Nikakaa hivyo muda mrefu, na nikajua simo peke yangu mle jikoni. Sina namna nyingine ya kulisema.

Kwenda kuangalia, unga umepanda mpaka umesukuma kifuniko, mtoto ana unga kwenye nywele. Mabasi yalishaondoka. Niliwauzia wanafunzi na mafundi wa jengo moja jirani, yakabaki kama arobaini, tukala na majirani. Hasara nilipata. Ni hayo tu. Sasa huu ni ushuhuda, au nitawapotezea watu muda?

Boda_wa_Mafiati

Shikamoo mama. Kwa heshima zote, hiyo ni baridi tu. Hamira inapenda joto, umeipa joto imefanya kazi. Sifa za blanketi tumwachie blanketi.

Mtumishi77

Dada, kuwa makini. Chachu katika Maandiko ni picha ya dhambi. Israeli waliiondoa majumbani wakati wa Pasaka, Bwana alionya juu ya chachu ya Mafarisayo, Paulo akawaandikia Wakorintho waisafishe ile ya kale. Na kumlalamikia Mungu si jambo la kusimamia mbele za watu. Tafuta ushuhuda wenye uzito.

MzeeMstaafu

Mtumishi, umesoma vizuri ila umeruka Mathayo 13:33. Pale ni ufalme wa mbinguni wenyewe unaofananishwa na chachu, ambayo mwanamke aliisitiri ndani ya pishi tatu za unga. Kuhusu kulalamika, nusu ya Zaburi tungeifuta.

MamaBeseni, nisikilize kidogo, maana hili nililijua nikiwa nimechelewa. Sisi tukisikia pishi tunawaza pishi ya wazee wa Pwani, vibaba vinne, kama kilo tatu hivi. Tatu zinafika kilo tisa, karibu na beseni lako. Lakini kipimo cha Kiyahudi kilichotafsiriwa pale kilikuwa kikubwa zaidi, kama lita 13. Mara tatu ni lita 39, yaani unga wa zaidi ya kilo 20. Ndicho kipimo kilekile Ibrahimu alichomwambia Sara akande upesi wageni watatu walipofika pale Mamre.

Nimehubiri mfano huo miaka mingi nikimchora mama na mkate mmoja wa nyumbani. Siku moja nikayasoma hayo ya vipimo mezani, mke wangu akaacha kijiko: "Kilo ishirini kwa mikono? Huyo mwanamke usiku ule mgongo ulimuuma." Tangu hapo sijauhubiri vilevile. Na hakuwa na hamira ya paketi, alikuwa na donge la unga uliochacha wa siku zilizopita. Akalificha, akangoja. Wewe unajua kungoja huko kukoje, sisi wengi tunasimulia tu.

Mpangani

Mzee kanikumbusha bibi yangu. Alikuwa mlokole hasa, pombe hataki hata harufu, lakini vitumbua vyake viliumuka kwa tembo la mnazi. Mgema akimletea, alikuwa anaishika chupa kwa vidole viwili kama ameshika panya, anamimina, anaimba pambio kwa nguvu mpaka imalizike. Tulikuwa hatuthubutu kucheka.

Mama, kaseme hivyohivyo ulivyoandika. Ombi langu moja: usije ukafika mbele ukaona watu wametulia, ukaanza kuongeza kwamba maandazi yote yaliisha na deni likalipwa.

MamaBeseni, Uyole

Boda, marahaba mwanangu. Baridi naijua, huu mwaka wa kumi na moja nakanda. Sijasema Mungu aliumua unga. Unga uliumuliwa na blanketi, na binti yangu alisaidia. Mimi nazungumzia kigoda.

Mtumishi, nimekusikia. Mzee wangu, kilo ishirini! Nimesoma nikashika kiuno.

MamaBeseni, Uyole

Mrejesho. Nilisimama jana, sikumaliza hata dakika tano. Malalamiko niliyasema, hasara niliisema. Kwenye unga wa nywele walicheka, binti akajificha nyuma ya kiti. Hakuna aliyepiga vigelegele, palikuwa kimya, nikadhani nimeharibu.

Baada ya ibada mama mmoja ambaye huwa hatusalimiani sana alinishika mkono. Ana ng'ombe wa maziwa, naye anaamka saa tisa. Akaniuliza kigoda changu kimekaa upande gani wa jiko. Nikamwambia, karibu na mlango. Akasema chake pia, na hakuniachia mkono mpaka tukafika barabarani.

Wengine watatu walinifuata kwa siri kuulizia hamira. Nimewatajia vijiko. Kuhusu kitanda wajaribu wenyewe, binti yangu amekataa kulala na beseni tena.