Ushauri: vanishi gani inafaa seti ya henzerani? Naihitaji kabla ya Jumamosi

Mkazi wa Goba
Wakuu habari za jioni. Nina seti ya henzerani: kochi la watu watatu, viti viwili na kimeza. Inakaa barazani, imepauka kidogo na mgongo wa kiti kimoja umelegea. Naomba kujua vanishi ipi inang'aa sana na kukauka haraka, maana Jumamosi iwe tayari. Nimeshanunua lita nne za ile ya kung'aa, na msasa upo. Msinielekeze kwa mafundi wa fanicha wa Keko, kazi hii naiweza mwenyewe. Natanguliza shukrani.

Kijiwe Nongwa
Lita nne kwa viti viwili na kochi? Mkuu unapaka au unakaanga?

Mwali wa Mwambao
Vanishi nawaachia wengine, mimi nijibu huo mgongo. Kama ni ule wavu wa vitundu vya pembe nane na hakuna kamba iliyokatika, usinunue kitu. Loweka taulo kwenye maji ya vuguvugu, likamue lisichuruzike, lilaze upande wa nyuma wa wavu, ule usio na mng'ao, kwa nusu saa. Toa, weka kiti kivulini, asiegemee mtu mpaka kesho yake. Kamba hutanuka ikilowa na kujikaza ikikauka. Usikimbilie juani, itakauka upesi mno na kukatika kwenye kingo.

Kama imekatika, ng'oa ule ugwe unaobana wavu ndani ya mfuo, yaani kijifereji cha fremu, kwa patasi nyembamba, safisha gundi ya zamani mpaka mfuo uonekane mti mtupu. Wavu mpya kata uzidi sentimita tatu kila upande, loweka nusu saa. Bana kwa kabari za mti ukianzia katikati ya kila upande, kisha sogea kwenye kona. Ukianza na kona utapata mkunjo usiotoka. Tia gundi ya mbao kwenye mfuo, gongea ugwe, kata masalia kwa kisu kikali. Siku mbili usikaliwe. Na ukiuwamba mkavu, ujue utalegea wiki hiyohiyo.

Mkazi wa Goba
Asante dada. Na vanishi je?

Fundi Kabari
Mkuu, kabla ya vanishi naomba unijibu manne. Mvua inafika hapo barazani? Miguu ina misumari au imefungwa kwa kamba? Kuna unga chini yake? Na Jumamosi kuna nini?

Mkazi wa Goba
Mvua haifiki, labda ikivuma ya pembeni. Imefungwa kwa kamba. Unga ni kivumbi tu, Goba mnaijua, barabara yetu ni ya udongo. Mimi shida yangu ni aina ya vanishi jamani.

Mlimwengu Msomi
Niongezee hapa kwa faida ya wengi. Watu hudhani henzerani ni aina ya mwanzi. Hapana. Mwanzi ni jamii ya nyasi, henzerani ni ndugu wa mnazi na mchikichi, ila wenyewe unatambaa, una miiba na hujishikiza kwenye miti mingine kulifuata jua. Nyingi ya biashara hutoka misitu ya Kusini-Mashariki mwa Asia, hasa Indonesia, ambako mji wa Cirebon umejaa karakana za fanicha hizi. Kuanzia 2012 Indonesia ilizuia kusafirisha henzerani ghafi ili kazi ya kufuma ibaki kwao. Afrika nayo inazo za kwake, misitu ya Kongo na Afrika Magharibi. Ngozi ya nje ndiyo inayochanwa kamba za kufungia na kufuma wavu, kiini hufumwa vikapu na migongo ya viti, na fito nene ndizo zinazopindwa kwa mvuke kuwa fremu.

Kijiwe Nongwa
Mwalimu, hii itatoka kwenye mtihani wa Jumamosi?

Fundi Kabari
Mkazi, vumbi la barabara hutanda kila mahali. Unga wa mdudu hukaa kilima kidogo, chini ya tundu moja. Fagia sasa hivi, weka karatasi nyeusi chini ya kila mguu, asubuhi utuambie.

Mkazi wa Goba
Haya, nisiwazungushe. Unga upo. Ni mweupe wa manjano, laini kama ngano, na kuna vitundu kama vya ncha ya pini. Kila asubuhi nafagia. Ndiyo maana nataka vanishi nzito izibe. Mkono mmoja wa kochi nimeshaupaka jana na umependeza sana, kwa hiyo naona njia yangu ni sahihi, nakosa tu aina bora.

Mtu wa Gereji
Mchwa hao. Oili chafu ya gari, paka kwa brashi, watahama nyumba.

Fundi Kabari
Mchwa hujenga njia za udongo na hula kwa ndani kimyakimya, hawamwagi unga laini. Hao ni wadudu watoboaji, kibuu chake kinakula wanga uliomo ndani ya mti. Oili chafu haifiki kilipo kibuu, itachafua mito na nguo za wageni, na hakuna vanishi itakayoshika juu yake tena. Mafuta ya taa nayo yananuka barazani mwezi mzima.

Kuhusu kuziba: tundu unaloliona ni mlango wa kutokea. Mdudu mkubwa ameshaondoka hapo. Walio ndani hawakuhitaji hilo tundu, wakikomaa watatoboa jipya, na vanishi wanaipita kama karatasi. Vanishi inasaidia kitu kimoja: inamzuia jike kutaga kwenye vinyweleo vya mti ulio wazi. Kwa hiyo hupakwa mwisho, baada ya kuua. Swali la nne hujalijibu.

Bi Mkubwa wa Upanga
Hata mie nimeliona. Mwanangu, Jumamosi kuna nini?

Mkazi wa Goba
Kuna mteja anakuja kuichukua. Ameshatoa nusu, laki tatu. Hajauliza habari za wadudu na mimi sijamwambia hakuna. Seti iliyotumika kila mtu anajua ina kasoro zake. Nikiipaka vizuri atakaa nayo miaka.

Bi Mkubwa wa Upanga
Atakaa nayo miaka na wadudu wako watahamia kwenye kabati lake. Hela ya mtu ni amana, mwanangu. Mpigie leo, usingoje Ijumaa usiku.

Kijiwe Nongwa
Mwambie ni seti inayokuja na mifugo yake, bei ipande.

Mkazi wa Goba
Nilikuja kuuliza vanishi, nimeishia kuhutubiwa.

Fundi Kabari
Tuendelee na kazi. Vua raba ya mguu wowote wenye unga, tazama mti ulipokatwa, utueleze unaona nini.

Mkazi wa Goba
Nimevua miwili. Ndani kuna tundu, dole gumba linaingia, na unga umejaa. Hawa wadudu wamekula katikati yote! Kweli inatisha.

Jicho Kavu
Nilikuwa nasoma tu kimya, sasa nimenusa. Hii ni CHAI, tena ya tangawizi. Henzerani haina tundu katikati, imejaa mwanzo hadi mwisho. Na mdudu wa kutoboa tundu la pini hawezi kuchonga bomba safi la dole gumba. Jamaa hana seti, anatunga. Kwanza alisema vumbi la barabara, kisha wadudu, kisha mteja, sasa bomba. Kesho atatuambia mteja ni shemeji yake. Weka picha.

Mkazi wa Goba
Picha imegoma kupanda tangu jana. Nitunge ili nipate faida gani? Aliyeniuzia alisema henzerani, na kwenye tangazo langu nimeandika henzerani.

Jicho Kavu
Imegoma kupanda. Bila shaka.

Mtu wa Gereji
Chai au si chai, oili chafu inafanya kazi.

Fundi Kabari
Jicho, la tundu upo sahihi, ila si lazima awe anatunga. Mkazi, pitisha kidole kwenye mguu kutoka juu kwenda chini. Kama unakutana na pete iliyovimba kila baada ya shubiri moja au mbili, na ukigonga kati ya pete unasikia mlio wa ngoma, huo ni mwanzi. Henzerani ina alama ya fundo lakini karibu haivimbi, na ukiikata unaona vinyweleo tupu, kama umekata mkate. Fremu ya mwanzi ikifungwa kwenye maungio kwa kamba ya henzerani, na mgongo ukiwambwa wavu wa henzerani, asiyejua huiita seti ya henzerani. Anayejua naye huiita hivyo, akitaka bei.

Mkazi wa Goba
Pete zipo. Kila mguu una tatu. Kwa hiyo nimeuziwa mwanzi.

Bi Mkubwa wa Upanga
Na wewe umeuza mwanzi.

Fundi Kabari
Dawa sasa, na mwanzi una dawa yake. Chukua boraksi gramu 300 na asidi ya boriki gramu 200 kwa maji lita 10. Yeyusha kwenye maji moto, koroga mpaka chini pasibaki punje. Vaa glovu na barakoa, ndoo hiyo isirudi jikoni, watoto wakae mbali. Kisha:

Kwangua vanishi yote kwa msasa, pamoja na ule mkono unaoupenda. Dawa hii ni ya maji, haipiti kwenye vanishi, na hata ngozi ya mwanzi yenyewe hailowani kirahisi. Ndiyo maana kupaka nje peke yake ni kujifurahisha.

Usimimine dawa kwenye tundu la mguu ukadhani umemaliza. Kila kwenye pete pana ukuta ndani, dawa itaishia pingili ya kwanza. Toboa kitundu cha milimita 3 kwa kila pingili, upande usioonekana, ingiza dawa kwa bomba la sindano, ziba kwa kijiti, geuzageuza kiti ili kuta zote za ndani zilowe. Rudia kesho yake. Vitundu vya wadudu navyo vyote vipigwe sindano. Miisho iliyokatwa paka mara tatu, hapo ndipo inapofyonza.

Kausha kivulini wiki mbili, penye upepo. Ukipaka vanishi juu ya mwanzi usiokauka kwa unyevu huu wa pwani, itafanya malengelenge meupe na ukungu utaota chini yake. Vanishi yenyewe makoti mawili membamba, msasa namba 240 katikati, na miisho chini ya raba isisahaulike. Boraksi huoshwa na maji, kwa hiyo hiyo mvua ya pembeni uifikirie. Jumamosi haipo kwenye hesabu hii.

Mwali wa Mwambao
Na wavu wa mgongo usiupige vanishi nzito, unakakamaa na kukatika mtu akiegemea.

Mkazi wa Goba
Nimemwandikia mteja kwamba ni mwanzi na kwamba itachelewa. Hajajibu. Karatasi nyeusi niliweka kama ulivyosema. Kochi lina vilima viwili, mguu wa nyuma wa kushoto na chini ya ule mkono nilioupaka. Nimeumulika kwa tochi ya simu: kuna tundu jipya, limepita katikati ya vanishi, na kingo zake bado zinang'aa.

Jicho Kavu
Picha.

Fundi Kabari
Usilizibe hilo. Anza nalo sindano.